Selimundu: Maradhi yanayojificha ndani ya maradhi mengine

WAHENGA walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlenga mgonjwa anayeona haya kusema kinachomsumbua. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo mgonjwa wake hayafichi hata kidogo. Hulia usiku kucha, hupelekwa zahanati moja baada ya nyingine, hudungwa sindano na kumeza vidonge kwa miaka mingi, na bado jina la kinachomla halijulikani. Maradhi ya aina hiyo hujificha yenyewe, tena hujificha ndani ya maradhi mengine. Mojawapo ni selimundu, ambayo wengi wetu huiita siko seli.

Chukua mfano wa mtoto wa kike aliyezaliwa salama salimini katika kijiji kilicho karibu na Ziwa Victoria. Kwa miezi sita ya kwanza ananyonya, anacheka na kunenepa kama watoto wengine. Mwezi wa nane, vidole vya mikono na miguu vinafura ghafla na hakubali kuguswa. Mama anaambiwa huenda ameumwa na mdudu. Akiwa na mwaka mmoja na nusu anashikwa na homa, anapewa dawa ya malaria. Akiwa na miaka mitatu macho yake yanageuka manjano. Sasa inasemekana ni ini. Akiwa na miaka minne anaishiwa damu na kuongezewa, kisha anaruhusiwa kwenda nyumbani. Akiwa na miaka sita mguu unamuuma hata hawezi kwenda shule, naye anapakwa dawa ya baridi yabisi. Akiwa na miaka minane anaanguka darasani, na anapoinuliwa, mkono na mguu wa kulia haviwezi kusonga.

Hapo ndipo daktari mmoja anapoyaweka yote hayo pamoja na kuagiza damu ipimwe. Jibu linatoka siku hiyo hiyo. Mtoto amekuwa akiugua ugonjwa mmoja tu tangu alipozaliwa.

Mtoto huyu ni wa mfano, lakini safari yake si ngeni kwa wazazi wengi wa Nyanza, Magharibi na Pwani. Swali linaloumiza ni hili: kwa nini ugonjwa ambao chanzo chake kinajulikana, na ambao kipimo chake kinahitaji tone la damu tu, hugunduliwa baada ya kiungo kuharibika au baada ya mtoto kuzikwa?

Mundu ndani ya mshipa

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Damu yetu hupata wekundu wake kutokana na himoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu na ambayo kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha kila pembe ya mwili. Chembe nyekundu ya kawaida ni ya mviringo na ni laini, hivyo hupenya hata katika mishipa myembamba kuliko unywele.

Mgonjwa wa selimundu amerithi himoglobini yenye kasoro ndogo sana. Kipande kimoja tu cha protini hiyo kimebadilishwa na kingine. Inapoachilia oksijeni, himoglobini hiyo hushikamana na kujipanga kama fimbo ndefu, na chembe nyekundu hukakamaa na kujipinda mithili ya mundu wa kuvunia mpunga. Ndiko lilikotoka jina selimundu.

Chembe zilizopinda huleta madhara mawili. Kwanza, huvunjika upesi. Chembe ya kawaida huishi kwa muda wa siku 120 hivi, ilhali ya mgonjwa wa selimundu huishi kwa siku kati ya 10 na 20. Uboho wa mifupa hujitahidi kutengeneza nyingine lakini hauwezi kufidia zote, hivyo mgonjwa huwa na upungufu wa damu daima, na mabaki ya chembe zilizovunjika huyafanya macho yake kuwa ya manjano. Pili, chembe hizo huziba mishipa midogo. Sehemu iliyo mbele ya kizuizi hukosa hewa, huuma kupita kiasi, na ikikaa hivyo kwa muda hufa.

Kwa kuwa damu hufika kila mahali, hakuna kiungo kilicho salama. Ikizibwa mishipa ya vidole, vidole hufura. Ikizibwa ya mapafu, mgonjwa hukohoa na kukosa pumzi kana kwamba ana kichomi. Ikizibwa ya ubongo, hupata kiharusi angali mtoto. Figo hushindwa kukaza mkojo, hivyo mtoto hukojoa kitandani hata baada ya kuvuka umri wa kufanya hivyo, naye huchapwa kwa kosa lisilo lake. Kichwa cha mfupa wa paja huoza ndani ya nyonga, na kijana huanza kuchechemea. Kibofu cha nyongo hujaa vijiwe. Vidonda visivyopona huchimbuka karibu na kifundo cha mguu. Macho huweza kufifia.

Hapa ndipo siri ya kuchelewa ilipo. Ugonjwa ni mmoja, lakini kila unapobisha hodi huja na sura mpya. Mgonjwa naye hubeba kila sura kwa tabibu tofauti, mara nyingi katika kituo tofauti na kwa kijitabu kipya cha matibabu. Kila mmoja huona kipande chake, na kila mmoja hutibu alichokiona.

Kisa cha kwanza kuandikwa

Mtego huu si wa Kenya pekee. Uliwanasa hata madaktari wa kwanza kukutana na ugonjwa huo katika maandishi ya kitabibu. Mwaka wa 1904, mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno jijini Chicago, alilazwa hospitalini akiwa na kikohozi na upungufu wa pumzi. Alikuwa na makovu ya vidonda miguuni na upungufu wa damu. Daktari aliyekuwa katika mafunzo, Ernest Irons, aliitazama damu yake kwa darubini na kuona chembe za ajabu zilizopinda. Mkubwa wake, James Herrick, alizieleza katika makala ya mwaka wa 1910 na kuzifananisha na mundu.

Noel alikuwa na umri wa miaka 20 wakati huo. Aliishi na ugonjwa huo miongo miwili kabla ya mtu yeyote kuitazama damu yake kwa makini, na hata baada ya kutazamwa hapakuwa na tiba. Alirejea Grenada, akafanya kazi ya meno, na akafariki mwaka wa 1916 kwa kichomi.

Afrika iliujua ugonjwa huu kabla ya darubini hiyo. Katika jamii kadhaa za Afrika Magharibi ulikuwa na majina ya wenyeji yaliyotokana na maumivu ya viungo. Kilichokosekana ni maarifa ya kuunganisha maumivu hayo na damu.

Kenya katika historia ya selimundu

Nchi yetu ina nafasi ya pekee katika elimu ya ugonjwa huu. Mwaka wa 1949, kijana Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa hapa Kenya, alisafiri sehemu mbalimbali akipima damu za wenyeji. Aligundua kwamba watu wenye chembe ya urithi ya selimundu walikuwa wengi katika Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini wachache mno katika nyanda za juu. Alijiuliza: mbona ramani hii inafanana na ramani ya malaria?

Mwaka wa 1954 alichapisha jibu lake. Mtu aliyerithi kasoro hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hana ugonjwa, na isitoshe hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu kasoro hiyo imedumu kwa vizazi na vizazi palipo na mbu wengi.

Hapa yafaa tahadhari, kwa maana wengi hukoroga mambo. Kinga hiyo ni ya mbebaji, yule aliyerithi upande mmoja. Mgonjwa mwenyewe, aliyerithi pande zote mbili, hana bahati hiyo. Malaria ikimpata huangamiza chembe chache alizo nazo na huweza kumuua kwa muda mfupi. Mzazi asidanganyike kwamba mtoto mwenye selimundu hahitaji chandarua.

Ramani ya Allison ina mtego mwingine siku hizi. Watu hawakai tena walikozaliwa. Familia kutoka Siaya, Busia au Kilifi huishi Nakuru, Nyeri na Nairobi, na vijana huoana bila kujali mipaka ya makabila. Tabibu aliyezoea kudhani kwamba selimundu ni ugonjwa wa ziwani anaweza kumtazama mtoto mwenye dalili zote na asiwaze kumpima.

Sababu za kuchelewa

Kando na sura nyingi za ugonjwa, ziko sababu nyingine zinazochelewesha ukweli.

Ya kwanza ni ukimya wa miezi ya mwanzo. Mtoto huzaliwa akiwa na himoglobini aliyoitumia tumboni mwa mama, nayo haina kasoro. Humkinga kwa muda wa miezi sita hivi huku ikipungua polepole. Kwa hivyo anapopimwa uzani na kuchanjwa katika kliniki ya watoto, haonekani kuwa na kasoro yoyote.

Ya pili ni malaria yenyewe. Katika maeneo ambako malaria ni nyingi, kila homa huitwa malaria, na kila upungufu wa damu hulaumiwa mbu au minyoo. Mara nyingi ni kweli, na huo ukweli ndio unaoifunika selimundu.

Ya tatu ni damu ya kuongezewa. Mtoto aliyeongezewa damu hubeba kwa wiki kadhaa chembe za aliyemchangia. Akipimwa wakati huo, matokeo yanaweza kupotosha. Ndiyo maana madaktari hushauri kwamba sampuli ya kupima selimundu itolewe kabla ya damu kuingizwa.

Ya nne ni imani na aibu. Mtoto anayeugua mara kwa mara husemekana amerogwa, au kwamba familia imevunja mwiko. Wengine humwita mvivu anayekwepa kazi na shule. Mama hulaumiwa kwa kuleta mikosi, na ndoa kadha wa kadha zimevunjika kwa sababu hiyo.

Lawama hiyo haina msingi wowote. Ili mtoto augue selimundu, sharti arithi chembe yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili huwa wabebaji, mara nyingi wenye afya njema na wasio na habari. Kila mimba inapoingia, uwezekano wa mtoto kuwa mgonjwa ni mmoja kati ya nne, kuwa mbebaji ni wawili kati ya nne, na kutorithi kasoro hiyo kabisa ni mmoja kati ya nne. Hesabu hii huanza upya kwa kila mimba. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama.

Thamani ya kujua mapema

Msomaji anaweza kuuliza: kuna faida gani kuujua mapema ugonjwa ambao mtu amezaliwa nao? Faida ni uhai wenyewe.

Kiungo cha kwanza kuharibika kwa kawaida ni bandama, ambacho huchuja viini vya maradhi kutoka katika damu. Bandama ikifa, bakteria ambao mtoto mwingine angewashinda humuua mtoto wa selimundu kwa saa chache. Mwaka wa 1986, matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani yalidhihirisha kwamba watoto waliopewa penisilini mara mbili kwa siku walipunguziwa maambukizi hayo makali kwa asilimia 84. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Lakini nani atampa mtoto ambaye hajulikani kuwa mgonjwa?

Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba bakteria wanaowashambulia watoto wa selimundu hapa kwetu ni wale wale waliotambuliwa kwingineko, na kwamba chanjo zinaweza kuokoa wengi. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimokokasi kwa watoto mwaka wa 2011.

Wakati mwingine bandama hufanya kinyume. Hufura ghafla na kuinywa damu ya mtoto hata akaishiwa kabisa. Nchini Jamaica, ambako watoto wachanga walianza kupimwa selimundu mwaka wa 1973, akina mama walifundishwa kumpapasa mtoto tumboni, chini ya mbavu za upande wa kushoto, na kukimbilia hospitali waonapo bandama imekua. Vifo vya aina hiyo vilipungua mno. Mkono wa mama uliofundishwa ulitosha, lakini mama huyo alikuwa ameambiwa jina la ugonjwa.

Ipo pia haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayouchochea mwili kutengeneza tena ile himoglobini ya utotoni isiyojipinda. Kwa muda mrefu ilihofiwa kwamba ingewadhuru watoto wa Afrika kwa sababu ya malaria na lishe duni. Mwaka wa 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, ambapo Kilifi kilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Watoto walioitumia walipungukiwa na vipindi vya maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Dawa hiyo hutolewa chini ya uangalizi wa daktari, na damu ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara.

Zipo habari kubwa zaidi kutoka ng'ambo. Mwishoni mwa mwaka wa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha chembe za urithi za mgonjwa mwenyewe. Hata hivyo, mojawapo ya tiba hizo ilitangazwa Marekani kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa mzazi wa Kenya, penisilini, chanjo, chandarua, dawa ya kukinga malaria, asidi ya foliki, maji ya kunywa ya kutosha na haidroksiyurea ndizo silaha zilizo karibu. Zote zina sharti moja: ugonjwa ujulikane kwanza.

Na wanaozihitaji ni wengi. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba mwaka wa 2021 watoto wapatao 515,000 walizaliwa na selimundu duniani, na zaidi ya robo tatu yao walizaliwa Afrika, kusini mwa Sahara.

Kipimo na wajibu wetu

Kipimo cha uhakika cha maabara hutenganisha aina za himoglobini na kuonyesha iwapo mtu ni mzima, mbebaji au mgonjwa. Siku hizi vipo pia vipimo vidogo vya haraka vinavyotumia tone la damu kutoka kidoleni au kisiginoni, na majibu hupatikana kwa dakika chache. Kipimo cha zamani cha kuangalia iwapo chembe zinajipinda bado hutumika mahali pengi, lakini hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, na kinaweza kumkosa mtoto aliye chini ya miezi sita. Anayeambiwa matokeo ya kipimo hicho ana haki ya kuuliza iwapo kuna kingine cha kuthibitisha.

Marekani ilikuwa ikimpima kila mtoto mchanga katika majimbo yake yote kufikia mwaka wa 2006. Ghana ilianzisha mpango wa kuwapima watoto wachanga katika miaka ya 1990. Humu nchini, hospitali nyingi hazimpimi kila mtoto anayezaliwa. Hadi hapo zitakapofanya hivyo, jukumu huwaangukia wazazi na matabibu.

Mzazi atake mtoto apimwe endapo vidole vya mikono au miguu vimefura bila jeraha. Endapo macho huwa manjano mara kwa mara. Endapo upungufu wa damu unarudi hata baada ya kutibiwa. Endapo mifupa humuuma sana hasa wakati wa baridi. Au endapo katika ukoo kuna mtoto mwenye selimundu au watoto waliofariki wadogo bila sababu kujulikana. Mtoto akishatambuliwa, homa yoyote ni dharura: apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, na asisubirishwe nyumbani kwa dawa ya dukani.

Kila mzazi na ahifadhi kijitabu cha kliniki na karatasi zote za hospitali mahali pamoja, na azibebe zote kila anapokwenda kutibiwa. Ugonjwa unaojigawa vipande hufichuka vipande hivyo vinapokutana mezani mwa tabibu mmoja. Naye tabibu anayemtibu mtoto kwa mara ya tatu katika mwaka mmoja asimwandikie dawa ile ile kabla ya kujiuliza iwapo maradhi yote matatu yana mzizi mmoja.

Vijana wanaotarajia kuoana nao wapime ili wajue hali zao. Kujua kwamba nyote ni wabebaji si amri ya kuachana. Ni habari itakayowawezesha kuamua kwa macho mawili, na kumpima mtoto wenu siku za kwanza za maisha yake.

Turudi kwa yule binti wa mfano wetu. Akitambuliwa akiwa na miaka minane, madaktari watamsaidia: ataongezewa damu kwa mpango ili asipatwe na kiharusi kingine, atapewa dawa, atafunzwa tena kutembea. Lakini mkono wake wa kulia, ule aliokuwa akiandikia, huenda usirudi kama zamani. Laiti damu yake ingalipimwa siku vidole vilipofura, angalikuwa leo ameketi darasani na kalamu mkononi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na zipo kuta nyingine ambazo hata ukizijenga hazisimami tena kama zilivyokuwa.